Mashuka Yaliyotoka Dirishani

Nimefua mashuka ya mama yangu mzazi nikiwa mwanamume mzima, niliyepitia kisu kama wenzangu wote wa kijiji cha Kanja. Naanza na hilo ili anayeona nimechafua kitabu akifunge hapa hapa. Wapo watakaokifunga. Nina jamaa ambao hata leo tukikutana sokoni hunipa ncha za vidole badala ya mkono.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze kidogo. Mvulana akishatahiriwa hupewa kijumba chake, na chumba anacholala mama yake humfungia mlango milele. Anaweza kukaa jikoni na mama, akala, wakacheka mpaka jua lizame, lakini haingii mama anapolala, hakalii kitanda chake, wala hagusi matandiko yake. Huo ni mugiro, mwiko usiohitaji askari wa kuulinda. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha. Nilijua tu, kama nilivyojua kwamba siafu wanauma.

Shule niliiacha darasa la saba. Karo ilichangia, lakini pia dirisha la darasa letu lilitazama barabara, na kila gari lililopita lilipita na akili yangu. Tangu hapo nimelala mahali pengi, na kwa kuwa sina nyumba ya kujivunia, nimezoea kuchunguza za wengine. Kangeta, huko Igembe, nilifunga miraa kwenye majani ya migomba, nikaishi chumba kimoja na wachumaji. Kila mmoja alikuwa na koti lake la kupandia mti ambalo halikuguswa na sabuni msimu mzima. Walisema koti lililofuliwa huteleza kwenye tawi. Makoti hayo yalinuka kiasi kwamba yalilala nje kama mbwa. Lakini watu hao hao hawakumruhusu mtu kupanda kitandani bila kuosha miguu kwa maji moto, na mgeni aliyejaribu alilala nje na makoti.

Majimbo, mjini Embu, nilipanga chumba kwenye ploti ambako mke wa karani mmoja alichemsha fulana za watoto wake kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, apate kuua kila kilichomo. Jirani yake alisema kuchemsha nguo kwenye sufuria ya ugali ndio uchafu wenyewe. Walifikia hatua ya kutosalimiana. Nilimwuliza kila mmoja sababu zake, maana kuuliza sijui kuacha, na kila mmoja alinieleza uchafu wa mwenzake kwa ufasaha. Wote wawili walianika chupi zao chini ya leso, zisionekane, na zilibaki na unyevu na harufu ya uyoga. Hilo hakuna aliyeliona kuwa uchafu.

Basi nilikuwa huko Majimbo niliposikia kwamba mama ameteleza kwenye njia ya kutoka shamba la kahawa, mvua imenyesha, na amevunjika nyonga. Hospitali walimvuta mguu kwa mawe kwa majuma kadhaa, kisha wakamrudisha nyumbani alale chali mpaka mfupa uunge. Baba alikuwa amekufa zamani. Binti hakuwa naye, waliozaliwa hawakuishi. Kaka yangu, kifungua mimba, alifanya kazi ofisini na mkewe vilevile, na walikuja siku za Jumapili na sabuni ya unga na mashuka mapya, wakasali, wakaondoka kabla barabara haijaloa. Mimi sikuwa na kazi ya kuombea ruhusa. Nilifunga virago nikarudi Kanja.

Aliyekuwa akimtunza mama ni jirani wa ng'ambo ya ua, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani. Asubuhi na jioni alikuja kumgeuza, kumpangusa na kumpa beseni. Lakini yeye naye alikuwa na ng'ombe, kahawa na mume. Kufua hakukuwa kazi ya mtu mmoja, maana mashuka yalipelekwa mtoni. Kwa hiyo Jumamosi kikundi kizima kilikuja, wakabeba nguo, wakafua wakiimba, wakaanika, wakaomba. Ilikuwa huduma nzuri na watu waliisifu. Mimi pia niliisifu, siku mbili za kwanza.

Nilikaa sebuleni. Chumba cha mama kilitengwa na sebule kwa ukuta wa mbao, na tuliongea kupitia mbao hizo kama watu wa seli mbili. Kazi yangu ilikuwa kukata kuni, kuteka maji, kupika chai na kuosha vyombo. Ndivyo nilivyoona kwamba kikombe kilichoingia kwa mama kimejaa kilitoka kimejaa. Uji ulitoka na ngozi juu. Maji ya kunywa yaliingia na mdudu mmoja ameelea, yakatoka na wawili.

Muuguzi wa zahanati alipopita kumtazama, alitoka nje akanawa mikono, akaniambia bila kunizungusha, "Huyu mama amekauka. Mkojo wake una rangi ya kahawa. Asipokunywa figo zitakataa kazi, na mtamzika na mfupa wake ukiwa umeunga vizuri."

Nilirudi kwenye mbao.

"Mama, mbona hunywi?"

"Sina kiu, baba."

"Asiye na kiu ni maiti."

"Basi acha kusumbua maiti."

Nilingoja. Mama hakupenda kimya cha mtu mwingine, ukikaa kimya lazima akijaze. Mwishowe akasema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Maji yakiingia yatatoka. Yakitoka Jumatatu, mashuka yapo. Yakitoka Jumanne, yapo ya kaka yako. Jumatano nalalia nini? Unataka nilale kwenye mkojo mpaka Jumamosi, halafu akina mama waje kufungua dirisha kabla ya kunisalimia?"

Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akifua nguo zetu za shule kila jioni kwa sababu sare ilikuwa moja. Alisugua kola kwa jiwe la mtoni. Akienda kwenye harusi, aliangalia kwanza shingo ya bwana harusi, kisha ndipo akasema kama amempenda. Sasa alikuwa ameamua kufa kavu kuliko kuishi amelowa, na watu wote tuliompenda tulikuwa tumempangia siku moja ya kuwa msafi.

"Nitafua mimi," nikasema.

"Hutagusa," akasema. "Wewe ni mtu mzima."

"Mama, unaniita nani?"

"Usianze."

"Unaniita baba tangu nizaliwe." Hilo pia ni la kwetu. Mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba wa mama yake, na mama humwita baba, si kwa mzaha. Anamheshimu kidogo kama anavyomheshimu mzee wake aliyerudi. "Kama mimi ni baba yako, wewe ni mtoto wangu. Mzazi akifua nepi za mtoto, mwiko uko wapi?"

"Baba yangu," akasema mama, "hakuwahi kuosha hata kikombe chake. Umekosea mtu."

Kwa hoja nilishindwa. Nikatoka nje nikazunguka nyumba. Dirisha la chumba chake lilikuwa la mbao, limefunguliwa hewa iingie, na nilijua kwa sauti ya mama kwamba kitanda kilikuwa chini ya dirisha kabisa. Ukutani ulikuwa umeegemezwa ufito mrefu wenye kulabu, wa kuangulia parachichi. Niliuchukua, nikageuza uso nitazame migomba, nikaupitisha dirishani taratibu.

"Hiyo ni nini?" akauliza mama.

"Mti wa parachichi."

"Unaangua nini humu?"

"Shuka. Mwiko unataja mlango. Mimi sijaingia popote. Niko nje na ng'ombe."

Nikasikia akicheka, akilalamikia nyonga, akicheka tena. "Toa mti wako, mtu mjinga, utanitoboa." Lakini ufito haukusukumwa. Baada ya muda ukawa mzito. Nilipouvuta, ulitoka na shuka moja la kijani, limekunjwa kwa haraka, na sauti ikalifuata: "Lile la maua liko karibu na ukuta. Sogeza kulabu kushoto."

Mwenyekiti alipokuja jioni akaona karai na sabuni ya mche karibu na mlango wa jikoni, alielewa mara moja. "Mimi mkono wangu hautabeba shuka la mama nikakupa wewe mwanawe," akaniambia. "Usiniombe."

"Sijakuomba. Ninao ufito."

Alinitazama kama anayetafuta nilikoificha chupa ya pombe.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Asubuhi mwenyekiti alitandua kitanda, akaacha shuka lililolowa kwenye miguu ya mama, akaenda zake akijifanya hajui. Mama alilisukuma kwa bakora mpaka kwenye kizingiti cha dirisha, nami nikalivuta. Lililokauka lilirudi njia hiyo hiyo, na jioni mwenyekiti alilikuta juu ya kitanda. Na kwa kuwa hakuna mwiko wa kutandika shuka safi, alilitandika.

Mama alikuwa mteja mgumu. Shuka la kwanza nililitumbukiza kwenye maji moto, nikidhani moto ndio usafi, nikimkumbuka yule mke wa karani. Nililirudisha likiwa safi kwa macho. Nikasikia akivuta pumzi, kisha shuka likatoka dirishani likaniangukia kichwani.

"Umelipika. Ukipika mkojo unaingia ndani ya uzi. Maji baridi kwanza, uache, umwage. Baridi tena, umwage. Sabuni baadaye."

La pili nililisugua mpaka vidole vikachubuka, kisha nikalitandaza juu ya mikahawa kwa sababu kamba ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimesahau kwamba mikahawa ilikuwa imepigwa mrututu, dawa ya samawati ya kuzuia kutu ya majani, juma lile. Shuka la kaka yangu, jipya la dukani, lilikauka na madoa ya samawati kama ramani. Mama alilikagua kwa muda mrefu.

"Hili sasa halitapata kutu ya majani," akasema. "Lakini mimi si mkahawa. Rudia."

Nilirudia. Nilichuja maji kwenye jivu kama alivyonielekeza, nikalowesha, nikasuuza mara nyingine tena, nikafikicha mapindo kwa kucha kwa sababu ndani ya mapindo ndimo harufu hujificha. Nilijifunza kukamua shuka peke yangu kwa kulizungusha kwenye nguzo ya ng'ombe. Watu waliopita njiani walisimama. Wengine walijifanya wanafunga kamba za viatu. Sikufulia nyuma ya nyumba. Ningeweza, nafasi ilikuwepo. Nilivuta waya kutoka nguzo ya lango hadi mti wa mgrevilea, upande wa barabara, nikaanika hapo, na mashuka yakapepea mbele ya kila mtu anayekwenda kiwandani na kahawa. Kama ni aibu, nilitaka ipigwe na jua kama nguo nyingine.

Na mama akanywa. Nusu kikombe, akasubiri kuona kama mbingu zitaanguka. Kesho yake kikombe kizima. Nilipookota vyombo na kuona kikombe kitupu chenye majani ya chai chini, nilikigeuza kuhakikisha hakikutobolewa.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye koti la kijivu na kalamu mbili mfukoni. Hakuingia. Alisimama karibu na waya, mbali kiasi cha mashuka yasimguse.

"Haya ni ya nani?"

"Ya mama."

"Nani amefua?"

"Unamwona mwingine hapa, baba mdogo?"

"Wewe umetahiriwa?"

"Ulikuwepo. Mbuzi wangu ulimla."

Alikaza mdomo. "Usinichezee. Umegusa kitanda cha mama yako. Hilo linaleta laana nyumba hii na zangu pia, maana damu ni moja. Utatoa mbuzi dume, wazee wawili waje, utakaswe."

"Baba mdogo, juzi kanisani ulihubiri kwamba mambo ya mbuzi na matumbo yake ni giza. Nilikuwepo, nilikaa nyuma."

"Hayo ni mengine."

"Sitoi mbuzi. Nikitoa, nitakuwa nimekubali kwamba kumwacha mama akauke ndio usafi na kumfulia ndio uchafu. Ukitaka kutakasa, maji yale pale. Karai lina nafasi ya mikono minne."

Alipandisha sauti, akasema mimi ni mzururaji, nimekula miraa Igembe mpaka kichwa kimepinda, sina mke, sina boma, na ndiyo maana nimegeuka mwanamke. Sikubisha. Karibu yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokausha shuka.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Mama alikuwa amesikia kila neno.

"Shemeji."

Baba mdogo akavua kofia, kwa mazoea. "Naam, shemeji. Pole na ugonjwa."

"Huyo unayemtukana ni baba yangu. Amerudi safari akakuta mtoto wake amelowa. Ulitaka afanye nini?"

"Shemeji, hayo ni mambo ya jina tu."

"Jina mlimpa ninyi, mkala na kunywa. Mimi sikuwa na sauti siku hiyo. Sasa kama ni jina tu, njoo uniambie ni lini ukoo wenu uliwahi kunipa kitu ambacho si jina tu."

Nilitazama chini. Hoja ambayo alikuwa ameicheka nilipoileta mimi, sasa aliishika kama panga lake mwenyewe. Baba mdogo alivaa kofia. Alisema mpaka mbuzi atoke, hakuna mtu wa ukoo atakayekanyaga boma lile, na kikundi cha akina mama nacho kitaambiwa. Akaondoka akipita chini kabisa ya waya, maana ndiyo njia iliyokuwepo, na shuka la maua likampiga shavuni.

Jumamosi nilifikiri hawatakuja. Walikuja, wachache kuliko kawaida, bila nyimbo. Mwenyekiti aliniita kando.

"Tumeambiwa tusije mpaka utakaswe," akasema. "Nimesema mgonjwa hangoji mbuzi. Lakini wenzangu wanataka utoke bomani tukiwa humu. Nenda hata sokoni. Ukirudi tutakuwa tumemaliza, na kuanzia leo tutajipanga, mmoja wetu awe anafua Jumatano. Wewe uache. Yaishe kimya kimya."

Lilikuwa pendekezo la heshima, na nafikiri mtu mwingine angelikubali. Mimi pia nilikuwa tayari nimeinua koti. Kitu kilichonizuia ni neno lile, kimya kimya. Jumatano nyingine zingekuwa na mvua, na ng'ombe mwenye kuzaa, na mazishi ya kuhudhuria. Mama angeanza tena kuhesabu.

"Muulizeni mwenye kitanda," nikasema.

Akina mama waliingia chumbani. Mimi nilibaki sebuleni, karibu na mbao zangu. Nilisikia wakisalimia, wakimsifu Mungu, wakisema anaonekana amenawiri kidogo usoni. Mwenyekiti akaanza kumweleza mpango kwa upole.

"Kabla ya hayo," akasema mama, "nipeni uji. Upo kwenye chupa hapo."

Walimpa. Nilisikia akinywa, sauti ya mtu mwenye kiu ya muda mrefu. Akaomba tena. Mtu akamwambia, "Pole pole, mama, kikombe cha pili hiki, na sisi bado hatujatandika."

"Jaza."

Alikunywa chote. Wakaomba. Sala ilikuwa ndefu, na katikati yake nilijua kwa namna mama alivyobadilisha pumzi. Najua na wao walijua. Kwa majuma yote yale, wakati kama huo alikuwa akigeuza uso ukutani na kusema amechoka, waende. Sasa alingoja mpaka amina ikasemwa, akatumia sauti ile ile aliyokuwa akituitia kutoka ng'ambo ya mto.

"Nimejikojolea. Nimelowa mpaka mgongoni. Nipisheni njia, na mwiteni baba yangu."

Mama mmoja alitoka, akapita mbele yangu amefunika mdomo kwa leso, akaenda moja kwa moja hadi langoni. Mwingine akamfuata. Nilisimama mbele ya ule mlango. Nimevuka mito iliyofurika na nimelala katika vituo vya basi vya miji nisiyoijua, lakini kizingiti kile cha mbao kilikuwa kirefu kuliko vyote. Niliinama nikaingia.

Sikumtazama mama. Nilitazama paa, nikitafuta shuka kwa kupapasa kama kipofu. Upande wa pili wa kitanda mwenyekiti alikuwa amesimama, mikono imekunjwa kifuani, na nilifikiri naye anatoka. Alikunjua mikono, akashika pembe ya shuka iliyokuwa karibu naye.

"Vuta upande wako," akasema. "Na uache kutazama mabati, utamwangusha."